Maswali yenu ya disiki: RAID 5 ao 6, XFS ao ZFS?

Mukubwa, tuko na studio ya video hapa Goma, tumepata serveri ya disiki 8, kila moja tera 12. Kijana wetu anasema tuweke RAID 5 juu haili nafasi sana. Ni sawa?

Mi ningekataa. RAID ni kuunganisha disiki nyingi zifanye kazi kama moja: 5 inatenga nafasi ya disiki moja kwa hesabu ya kuokoa data, 6 inatenga ya mbili. Kweli RAID 5 itawapa tera 84 na RAID 6 tera 72, unaona kama disiki moja imeenda bule. Sasa ngoja disiki moja ife. Unaweka mupya, serveri inaanza kuijaza, hata ikikimbia mega 150 kwa sekunde bila kupumua tera 12 ni kama saa 22, na muda wote huo zile 7 zingine zinasomwa mwanzo mpaka mwisho, kumbe mulizinunua siku moja ku karto moja zimezeeka pamoja, ya pili ikianguka hapo na uko na RAID 5, kwisha. RAID 6 inavumilia mbili. Na hizo saa 22 ni za mutu eko na umeme usiku kucha eh.

Kaka, XFS ao ZFS? Kwetu umeme unakatika mara tatu kwa siku.

Njo swali lenyewe. Zote mbili ni mifumo ya kupanga mafaili ku disiki. Ku RAID 5 na 6 za kawaida, umeme ukikatika katikati ya kuandika, data imefika lakini ile hesabu ya kuiokoa bado, havilingani tena na hakuna anayekuambia mpaka disiki ife. Jurnali ya XFS, ile daftari yake ya mabadiliko, inalinda mpangilio wa mafaili, yaliyo ndani yake hapana. ZFS, ile kampuni ya Sun walitoa 2005, haigusi data ya zamani, inaandika pembeni kisha ndiyo inahamia, na kila bloki iko na chekisamu yake, namba ya kuonyesha kama data imeharibika. Utapoteza sekunde chache za mwisho, basi. Ila inapenda RAM, na inataka kuona disiki zenyewe, kwa hiyo kadi ya RAID usiiweke katikati.

XFS juu ya kadi ya RAID yenye betri, ile inashika data umeme ukikatika, inafanya kazi vizuri pia, mi nilitumia miaka. Siku moja nikafungua serveri, betri imevimba kama andazi, sijui ilikufa lini. Onduleri, ile UPS ya kushika umeme, nunua hata hivyo.

Na Btrfs, ule mufumo mwingine wa mafaili, ku RAID 6?

Hapana. RAID 1 yake, ile ya kopi mbili za kila kitu, sawa, 5 na 6 wenyewe wanaoitengeneza wanakukataza.

Tukishaweka RAID 6, kopi ingine ya nini?

Mwanafunzi wa staji akifuta folda ya harusi, RAID inaifuta ku disiki zote 8, tena haraka. Kisha wewe ni wa Goma, unakumbuka tarehe 27 Mei 2021 tulivyoambiwa tutoke ku muji kwa sababu ya volkano, barabara ya Sake watu na magodoro ku kichwa, mi sikuona mutu amebeba serveri. Kazi zilizoisha ziweke ku disiki za pembeni, zifunge ndani ya kitambaa, upe mutu unayemuamini anayepanda boti ya Bukavu.