Malalamiko msibani: usimame wapi, na kipaza sauti akishike nani

Jeneza liko chini ya turubai, wasifu umeshasomwa, MC anaita salamu za majirani. Mtu anainuka viti vya nyuma na kukunjua boksi lililoandikwa kwa kalamu nene: SHAMBA LETU LIRUDI. Nusu ya waombolezaji wanatoa simu, nusu wanainuka wamkamate. Hapo kila upande unadai haki, na kila upande unayo, ila si kwa kiasi unachodhani.

Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa maoni. Haimpi nafasi ndani ya ua wa mwenzake. Huku Moshi wengi tunazika nyumbani, na hilo ndilo watu wanalosahau: kaburi likiwa kihambani, yaani shamba la nyumbani la ukoo, Kibosho au Marangu, ile migomba yote hadi kwenye masale, mimea ya mpaka, ni ya wenyewe. Mwenyeji akisema toka, unatoka, hata kama bango lako ni kweli tupu. Ukivuka ukasimama kando ya barabara, hesabu nyingine inaanza.

Nyingine, lakini si huru kabisa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inafanya kuwa kosa kuwasumbua waliokusanyika kuzika, ukiwa na nia ya kuumiza hisia zao au ukijua kwamba huenda zikaumia. Kwa hiyo mahali uliposimama si hoja pekee. Swali ni ulikusudia nini na ulijua nini. Kuzuia maiti isizikwe ni kosa la peke yake. Mwenye hoja ya kweli, tuseme wake wawili wanagombea mahali pa kuzika, awahi mahakamani kuomba zuio mwili ukiwa bado mochwari. Kwenda kulala juu ya kaburi lililochimbwa kunampa mgomvi wake kesi ya bure.

Serikali nayo haiwezi kufunga midomo inavyotaka. Mwaka 1993, katika kesi ya Pumbun, Mahakama ya Rufani ikiwa imeketi Arusha ilisema sheria inayobana haki isiache mwanya wa uamuzi wa kiholela, na isibane kuliko inavyolazimu. Kwa kipimo hicho, "msisogelee geti wakati wa ibada" ni amri inayoeleweka. "Hakuna kulalamika kata nzima mpaka matanga yaishe" ni kitu kingine.

Wamarekani wamelipima jambo hili kwa futi. Machi 2006, huko Maryland, watu 7 wa kanisa la Westboro walisimama na mabango ya matusi siku ya maziko ya askari. Walikuwa kwenye ardhi ya umma, kama futi 1,000 kutoka kanisani, yaani mita 300 hivi, kwa nusu saa, na polisi walikuwa na habari. Baba wa marehemu aliona ncha za mabango tu. Maandishi aliyasoma usiku kwenye taarifa ya habari. Alishtaki, akapewa dola milioni 10.9, kisha mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikamkatalia kwa majaji 8 dhidi ya 1. Wanaoitaja kesi hii kama ruhusa ya kuvamia msiba wanaruka umbali ule na ardhi ile ya umma, na wanaruka kwamba mabango yaligusa mambo ya taifa. Sheria ya Ohio ya kukaa futi 300 mbali, kuanzia saa moja kabla hadi saa moja baada ya mazishi, ilipingwa na watu hao hao, na mahakama ya rufaa ikaiacha isimame mwaka 2008.

Futi 300 ni kama mita 90, hatua 120 za mtu mzima. Sheria yetu haikutaja mita, lakini zihesabu hizo hatua kutoka getini. Ukiweza kusikia kwaya, umesogea mno.

Mkiwa kundi, mnatoa taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo si chini ya saa 48 kabla, mkitaja mahali, saa na madhumuni. Maziko yakiwa Jumamosi saa nane mchana, barua iwe imefika Alhamisi kabla ya saa nane. Wengi hukwama hapa, maana ratiba ya msiba huthibitishwa jioni ya Alhamisi yenyewe. Ondoka na nakala iliyogongwa muhuri. Tarehe uliyoandika wewe juu ya barua haikusaidii. Kwenye bango andika dai, usiandike tabia za mtu. "Tulipwe fidia ya shamba" inabebeka. "Mjane mwizi" haibebeki: marehemu hashitaki kwa kuchafuliwa jina, mjane anaweza.

Kama dai lenyewe ni deni, sioni bango la nini. Kuna mirathi.

Wafiwa nao hujiharibia kwa kipaza sauti. Kikishaanza kupita mkono kwa mkono, hakirudi. Majina ya wasemaji yaandikwe usiku wa kuamkia maziko, na kipaza sauti kibaki mkononi mwa MC, yeye ndiye akisogeze mdomoni kwa msemaji. Lile tangazo la "anayemdai marehemu au anayedaiwa naye aonane na familia" lisiishie hewani. Mtajeni mtu, shemeji mpole ndiye bora, akae na daftari pembeni, mbali na jikoni, aandike jina, simu, kinachodaiwa na karatasi iliyopo. Mpeni mdai siku, kwa kawaida kikao cha kumaliza msiba, mbele ya mwenyekiti wa ukoo.

Akikataa daftari akazidi kupaza sauti, usitume vijana wa bodaboda wamburute. Wakimpiga, yeye ndiye anakuwa mlalamikaji. Mwiteni mwenyekiti wa kitongoji, amwambie mbele ya watu wawili kwamba wenye nyumba wamemtaka atoke, na saa ya kuambiwa iandikwe. Akibaki, pigeni simu polisi, na MC aombe kwaya iendelee.