Diski mpya imekataa kuwasha kompyuta

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Kompyuta yangu mpakato ya mwaka 2016 ina diski ya kuzunguka ya GB 1,000, na siku hizi huchukua dakika tano kuwaka. Nimenunua SSD, ile diski isiyozunguka, ya GB 480. Katika ile ya zamani nimetumia GB 210 hivi: mitihani ya miaka minane, picha za familia, na programu ya mauzo ya duka la mke wangu, ambayo kijana aliyetuwekea alishahama mji. Nilinakili kila kitu, hata folda ya Windows, kisha nikaifunga SSD ndani, lakini kompyuta inasema haioni cha kuwashia. Nimekosea wapi? Mwalimu wa sekondari, Iringa.

JIBU: Mwalimu, diski uliyonunua haina kosa, ila kunakili folda hakuhamishi kile kinachoiwasha kompyuta. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, mashine haianzi kwa kutafuta folda ya Windows, bali hutafuta kisehemu kidogo cha diski, mara nyingi cha MB 100 tu, kilichofichwa ili mtumiaji asikichezee, nacho ndicho chenye maelekezo ya kuanzia. Kwa kuwa hukukiona, hukukinakili.

Fundi mwingine angekushauri uweke Windows upya kisha urudishe mafaili, nami kwa kawaida ningekubaliana naye, kwa sababu mfumo mpya huwa mwepesi. Kwako nasita kwa ajili ya ile programu ya duka: bila faili la kuiwekea na bila aliyeiweka, haitarudi kwa kunakili folda yake. Basi inakubidi ukloni diski, yaani uihamishe nzima, pamoja na sehemu zilizofichwa.

Kabla ya hapo, rudisha diski ya zamani mahali pake, washa, kisha uisikilize ukiwa mahali patulivu. Ikitoa mlio wa kugonga-gonga, au ikikwama kila unapofungua folda fulani, inakufa, na kazi ya kuisoma mwanzo hadi mwisho yaweza kuimaliza. Hata ikiwa nzima, nakili kwanza mitihani na picha kwenye diski ya nje. Windows hupatikana tena, picha za watoto hazipatikani.

Sasa nunua waya wa kuunganisha diski ya SATA (aina ya kiungio cha diski za kompyuta mpakato) na USB, uchomeke SSD kwenye tundu la USB 3, ambalo aghalabu lina rangi ya buluu ndani. Usishtuke Windows ikikuonyesha GB 447 badala ya 480. Mtengenezaji huhesabu kwa maelfu, Windows kwa 1,024. GB 210 zako zitaenea, ila si kila programu ya kukloni itakubali kutoka diski kubwa kwenda ndogo. Clonezilla, ambayo ni ya bure na nzuri sana, kwa kawaida hukataa hadi upunguze kwanza ukubwa wa sehemu za diski ya zamani, na hapo ndipo wengi huharibu. Samsung na Crucial hutoa programu za bure kwa wanunuzi wa SSD zao, nazo hurekebisha ukubwa zenyewe. Kama yako ni ya mtengenezaji wa namna hiyo, anzia huko. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli ya siri ya Windows, andika kwenye karatasi ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla hujagusa chochote.

Hakikisha mshale wa programu unatoka diski ya zamani kwenda mpya. Ukiugeuza utafuta kila kitu. Chomeka chaja, zuia kompyuta isilale, kisha uiache. Kwa mwendo wa MB 60 kwa sekunde, GB 210 huchukua kama saa moja, na diski iliyochoka huchukua zaidi.

Ukimaliza, zima, chomoa chaja na betri, badilisha diski. SSD nyingi zina unene wa milimita 7. Ikiwa ya zamani ilikuwa ya 9.5, weka kifremu cha plastiki isicheze. Washa mara ya kwanza bila diski ya zamani kuunganishwa, maana sasa zote mbili zina utambulisho mmoja na Windows huweza kuizima mojawapo. Kisha mwite mama afungue programu ya duka na kutafuta mauzo ya jana. Asipoyaona, diski ya zamani bado ni nzima mezani. Usiifute kabla ya mwezi kupita.