Buchholz inalia, mafuta yamechoka: usichuje kabla ya kuchukua sampuli

Mkuu, umesema transfoma ni ya kVA 1000, 11/0.4 kV, alamu ya Buchholz (kifaa cha ulinzi kinachonasa gesi inayotoka kwenye mafuta ya transfoma) imelia mara mbili, mafuta yamepimwa BDV (volti ambayo mafuta hushindwa kuzuia umeme) yakaishia kV 24, na fundi anataka kuyachuja kisha iwashwe. Mzuie kwanza. Mashine ya kuchuja huondoa pia gesi zilizoyeyuka kwenye mafuta, na gesi hizo ndizo zinazokuambia kinachoungua ndani kabla hujafungua tangi.

Zima pande zote mbili, tenga, pima kuhakikisha hakuna umeme, funga ethi. Vuta gesi ya Buchholz kwa sirinji ya kioo. Ikiwa haina rangi wala harufu na haiwaki, huenda ni hewa tu. Jaribio la kuiwasha lisifanyike karibu na transfoma. Haidrojeni na asetilini hazina mzaha.

Sampuli ya mafuta itoke valvu ya chini: mwaga ya mwanzo, suuza sirinji kwa mafuta yaleyale, jaza bila povu, ikinge na jua. Majibu ya maabara yakirudi, asetilini nyingi maana yake kuna cheche za arki. Ethilini ikitawala, kuna chuma cha moto sana, yaani kiungo kilicholegea au kontakti za tepu chenja (swichi ya kubadilisha idadi ya mizunguko ya koili ili kurekebisha volti; kila nafasi yake ni tepu). Monoksidi ya kaboni ikipanda pamoja nazo, karatasi ya koili inaungua, na hapo andaa bajeti.

Sasa pima ukinzani wa koili kwa mkondo wa DC, fezi zote, kila tepu. Subiri namba itulie, na usichomoe waya kabla kifaa hakijamaliza kutoa chaji, maana koili inaweza kukurushia volti za kuua. Tofauti kati ya fezi ikizidi asilimia 2 kwenye tepu moja tu, mtuhumiwa ni kontakti za tepu hiyo. Ikiwa kwenye tepu zote, tafuta kiungo cha ndani au mguu wa bushingi (kihami ambacho waya hupitia kutoka kwenye tangi). Zungusha tepu chenja mara kadhaa (umeme ukiwa umezimwa!) upime tena. Namba ikishuka, kontakti zilikuwa na utando. Uwiano wa mizunguko nao ukipotoka zaidi ya asilimia 0.5 ya ule wa kwenye kibati cha transfoma, huenda mizunguko imegusana. Hiyo ni ya karakana ya kusuka upya; kuchuja hakutaisaidia.

Kontakti zikiwa na mashimo au springi zimelegea, badilisha, usipige msasa tu. Transfoma ya zamani ipimwe PCB (kemikali ya sumu iliyokuwa ikitumika kwenye mafuta) kabla ya kufunguliwa. Chagua siku kavu, gasketi ziwe mpya, bolti zikazwe kwa kukingama.

Baada ya hapo ndipo uchuje, kwa vakyumu, mafuta yakiwa nyuzi 60 hivi. Sehemu kubwa ya maji imo kwenye karatasi, si kwenye mafuta, kwa hiyo mzunguko mmoja utakupa BDV nzuri leo na mbaya baada ya wiki kadhaa. Rudia hadi izidi kV 50 kwa mwanya wa mm 2.5 na ibaki hapo. Badilisha pia silika jeli, chembe za kunyonya unyevu kwenye kipumulio. Huenda unyevu ulipita hapo.

Acha mafuta yatulie, toa hewa kwenye Buchholz na bushingi, washa bila mzigo. Sampuli nyingine ichukuliwe baada ya saa 24, wiki, kisha mwezi. Mafuta yameanza upya karibu na sifuri, kwa hiyo asetilini yoyote inayopanda ni mpya: zima.