Kocha wa mwenyekiti? Sainini kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Umeteuliwa mkurugenzi wa asasi, mwenyekiti wa bodi anataka kukuletea rafiki yake mstaafu awe kocha wako wa uongozi, asasi italipa, na wewe unauliza bei halali ni ipi, mkutane mara ngapi kwa mwezi na kama kwa simu inatosha. Swali lenye hatari hujaliuliza: huyo mzee akitoka kwako anakwenda kuongea na nani?

Nilikuwa meneja wa SACCOS ya watumishi wa umma. Mwenyekiti alinijia hivyo hivyo, kwa upole: "Nakutafutia mtu mzima wa kukushika mkono." Mzee mstaafu wa benki, mcheshi, mikopo anaijua nje ndani. Nikamfungukia. Nikamweleza jinsi mikopo chechefu, ile isiyolipwa, ilivyokuwa inaongezewa muda kabla ya ukaguzi ili ionekane hai, nikamtajia mjumbe wa kamati ya mikopo ambaye ndugu zake walikuwa wanapitishwa bila dhamana. Siku moja, nimechoka, nikasema kuna asubuhi natamani niandike barua niondoke. Kikao cha bodi kilichofuata, maneno yangu yakarudi mezani: "Meneja mwenyewe anakiri kazi imemzidi." Yule mjumbe alikuwa amekaa mbele yangu na hakuna aliyemuuliza kitu! Faili la mikopo nililokuwa nakusanyia ushahidi likahamishiwa kwa mtu mwingine, eti kunipunguzia mzigo. Mkataba ulipoisha haukuhuishwa. Walioachiwa shimo ni walimu na manesi wanaokatwa kwenye mshahara kila mwezi.

Na bado nina hasira na mwezeshaji wa semina aliyetufundisha kwamba kocha ni kama daktari, mwambie kila kitu. Daktari ana kiapo, na kuna baraza linaloweza kumfutia usajili. Yule mzee alikuwa na nini? Namba ya simu ya mwenyekiti! Mtu analipwa posho kuwaambia viongozi wajianike mbele ya mtu asiyefungwa na chochote.

Kwa hiyo kabla ya kikao cha kwanza andikeni makubaliano ya pande tatu: wewe, kocha, bodi. Yaseme bodi itaambiwa nini. Mimi ningeruhusu mawili tu: kwamba vikao vinafanyika, na malengo mliyokubaliana wote. Mengine hayatoki bila ridhaa yako, labda sheria ilazimishe. Kwa maandishi, na saini. Hata kanuni za maadili za ICF, shirikisho la kimataifa la makocha, zinamtenganisha anayepewa huduma na anayeilipia, na zinamtaka kocha akubaliane nao mapema taarifa zitapitaje. Cheti chao cha kwanza, ACC, kinadai angalau saa 100 za kazi hiyo, kinachofuata, PCC, saa 500. Saa hizo peke yake hazikulindi, lakini mwenye cheti ana mahali pa kushtakiwa.

Bodi ikikataa kusaini, lipa mwenyewe mfukoni, hata kama ni kikao kimoja kwa miezi miwili. Au mpigie mkurugenzi wa asasi ya mkoa mwingine aliyewahi kupambana na bodi ngumu, asiye na deni wala undugu na watu wako. Wapo wasiodai hata senti.

Umesema mmeshakunywa chai na huyo mzee. Ulimsimulia nini?