Ripoti yangu ya kurasa 64 niliikuta imefungia vitumbua

Jumamosi iliyopita nilisimama Mwenge kununua vitumbua. Mama muuzaji akachomoa karatasi kwenye rundo lililokuwa chini ya meza, akaikunja, akatia vinne, akanipa. Nilipopata kiti kwenye daladala nikafungua nile, nikajikuta natazamana na chati ya duara. Ya rangi ya chungwa na kijani, imelazwa upande kama sahani inayotaka kumwaga mchuzi, na pembeni maandishi madogo ya Kiingereza kuhusu mgawanyo wa matumizi kwa kila lengo mkakati. Chati ile ninaijua. Niliichora mimi mwenyewe usiku wa manane, mwaka 2017.

Nikashuka kituo kilichofuata, nikarudi kwa miguu.

"Mama, hizi karatasi unazitoa wapi?"

"Nanunua kwa kilo, mwanangu. Ila hizi sizitaki tena. Zinateleza, halafu hazinyonyi mafuta."

Nimewahi kusemwa sana katika kazi hii ya udizaina wa ripoti, lakini hilo lilinimaliza. Hata kufungia vitumbua, ripoti yangu imeshindwa.

Nimeona niandike leo kwa sababu wiki hiyohiyo binti mmoja alinitumia ujumbe: "Shikamoo dada. Nimeajiriwa juzi kuwa afisa mawasiliano kwenye shirika dogo huku Singida. Bosi anataka ripoti ya mwaka yenye mvuto. Nianze na programu gani?" Marahaba, mdogo wangu. Nitakujibu, ila nipe nafasi nisimulie kwanza. Najua unachokitaka, maana na mimi nilikitaka, na kila anayesoma hapa anakitaka: ripoti ambayo mtu akiishika anageuza nyuma kutafuta jina la aliyeitengeneza.

Mwaka ule wa 2017 nilipewa kazi na shirika moja lililokuwa likichimba visima na kujenga vyoo vya wasichana mashuleni. Jina nalihifadhi. Mkurugenzi alisema anataka "kitu cha kimataifa". Mimi nikiwa na njaa ya sifa nikasikia "fanya unavyotaka". Siku hizo nilikuwa nimesoma habari za Austria Solar, chama cha sekta ya nishati ya jua kule Austria. Ripoti yao ya mwaka 2011 ilichapwa kwa wino maalumu, kurasa zote nyeupe tupu mpaka uzitoe juani, ndipo maandishi na chati vinajitokeza. Nililala na wazo hilo wiki nzima. Nilichosahau kujiuliza ni kwa nini wao walifanya vile. Wanauza jua! Wino wao ulikuwa ndiyo habari yenyewe. Mimi nilichukua mbwembwe nikaiacha sababu. Shirika la maji nikaliwekea jalada gumu lenye herufi za kung'aa zilizochomoza, unazipapasa kwa kidole kama kadi ya harusi ya tajiri.

Kurasa 64. Kiingereza mwanzo mwisho. Karatasi ya kung'aa nje na ndani. Nakala 300.

Picha zilikuwa 41. Baadaye, nikiwa na hasira, nilikaa nikazihesabu: 19 ni za meza kuu na mgeni rasmi, 6 ni za watu wameshika mfano wa hundi, 13 ni za washiriki wa semina wamesimama ngazini mbele ya ukumbi. Kisima kilitokea mara 3, na maji yakionekana mara 1. Karibu zote nilitumiwa kwa WhatsApp, na mtu yeyote wa kazi hii anajua WhatsApp inavyoibana picha. Kwenye kioo cha kompyuta zilikuwa safi. Kwenye karatasi, mgeni rasmi alitoka kama anatazama kupitia pazia la bafuni. (Mwambie mpiga picha akutumie kama faili la hati, au uende na flashi yako. Hili nitalirudia hata kama hukuuliza.)

Halafu ile chati ya duara. Ukijumlisha vipande vyake unapata asilimia 104. Aliyegundua ni mfadhili, tena kwenye kikao cha bodi, akiwa ameshika nakala mkononi. Mkurugenzi akacheka kidogo, akasema mbele ya watu wote: "Dizaina wetu hesabu zimempiga chenga." Namba zile zilitoka ofisi ya uhasibu. Nilizibandika kama zilivyokuja. Barua pepe ninayo mpaka leo. Malipo ya mwisho nilizungushwa miezi 5, na mwaka uliofuata kazi akapewa mtu mwingine. Nakala zaidi ya 200 zilibaki stoo. Sasa nimejua ziliishia wapi.

Lakini kosa langu lilikuwepo, tena kubwa. Sikujumlisha. Dizaina ndiye mtu wa mwisho kuiona ripoti kabla ya mashine, kwa hiyo kila namba inayopita mikononi mwako ijumlishe, hata kama aliyekupa ana cheti cha uhasibu ukutani. Na duara lililolazwa upande usilichore kabisa: kipande cha mbele kinaonekana kinene kuliko cha nyuma hata kama ni kidogo, kwa hiyo unadanganya bila kukusudia. Jicho linapima urefu vizuri kuliko pembe. Chora nguzo zilizosimama, basi.

Miaka iliyofuata niliishi kwa kadi za harusi na mabango ya semina. Hakuna la kusimulia hapo.

Mwaka huu meneja wa SACCOS moja ya watumishi, wanachama mia nne na ushee, alinipigia. Walitaka ripoti ya mkutano mkuu "ipendeze". Safari hii sikufungua kompyuta. Nilimuuliza swali moja: nani ataisoma? Akanyamaza. Akasema, "Wanachama... na ofisi ya Ushirika." Nikamwomba ruhusa nikakae kwenye benchi la ofisi yao siku 2.

Hizo siku 2 ndizo zilizoitengeneza ripoti. Nilikaa na daftari nikisikiliza watu wanavyouliza dirishani. Gawio la mwaka huu ni shilingi ngapi kwa hisa? Mbona mkopo wangu unachelewa? Wale waliokopa wakahama vituo vya kazi, hela zetu zitarudi? Hakuna hata mmoja aliyeuliza dira na dhima ya chama. Niliyaandika maswali kwa maneno yao wenyewe, nikayapanga kwa jinsi yalivyojirudia, na orodha ile ndiyo ikawa yaliyomo. Dira na dhima tuliziweka ndani ya jalada la nyuma, zikakaa kwa amani.

Kuna jambo alilolisimulia Warren Buffett, yule mwekezaji wa Marekani. Mwaka 1998, katika utangulizi wa kitabu cha mwongozo wa mamlaka ya masoko ya mitaji ya kwao, alisema kwamba akiandika ripoti ya mwaka ya kampuni ya Berkshire Hathaway huwa anajifanya anaongea na dada zake, Doris na Bertie: watu wenye akili zao, ila si wataalamu wa uhasibu. Mimi nilimchagua mama yangu mdogo wa Korogwe, mwalimu mstaafu, asiyeogopa namba lakini anayechukia kuzungushwa. Kila aya niliisoma kwa sauti nikimfikiria. Palipoandikwa "chama kimeendelea kutekeleza majukumu yake ya msingi kwa ufanisi" nilimsikia akiguna. Nikafuta.

Kasheshe ilikuja kwenye mikopo chechefu, yaani ile iliyokwama bila kulipwa. Mwenyekiti alitaka ikae ndani ya jedwali, ukurasa wa mwisho mwisho, kwa herufi za mchwa. Mimi nilitaka ukurasa wa 3.

"Dada, unataka kutuvua nguo?"

Nikamjibu, "Mwenyekiti, heshima yako. Wanachama wanalijua hili tayari, wanalizungumza kituoni wakisubiri daladala. Wanachosubiri ni kuona kama mtalisema ninyi."

Nikamweleza kuwa tawi la Kanada la shirika la wahandisi, Engineers Without Borders, lilianza mwaka 2008 kuchapisha ripoti ya mambo yaliyowashinda, na wafadhili hawakulikimbia. Hakushawishika. Aliyeniokoa ni mkaguzi wa hesabu, aliyesema kwa sauti ya kuchoka kwamba kwenye hesabu zilizokaguliwa itaonekana tu, mpende msipende. Tukaiweka ukurasa wa 3, na chini yake hatua zilizochukuliwa, na nani amezichukua.

Namna ya kuichora ndiyo ninayojivunia, na sitajifanya mnyenyekevu. Kati ya kila shilingi 100 walizokopesha, 9 zilikuwa zimekwama. Nilichora punje 100 za mahindi, 9 nyekundu. Hilo sikulibuni. Otto Neurath wa Vienna, aliyekuwa akieleza takwimu kwa picha miaka ya 1920, alikuwa na kanuni yake: kitu kikizidi, ongeza idadi ya picha zilezile, usiikuze picha moja. Ukichora gunia moja dogo na jingine lenye urefu mara mbili, jicho linaona mara nne. Punje hazidanganyi.

Kitu kingine kilichonichukua muda ni hati safi. Watu wamesikia redioni "halmashauri imepata hati safi" mpaka wanaamini maana yake ni kwamba hakuna aliyeiba na faida imepatikana. Mkaguzi anasema tu kwamba hesabu zinaonyesha hali halisi kwa mambo yote ya msingi. Chama kinaweza kupata hasara na hati safi mwaka huohuo. Nililiandika kwa sentensi 2 kando ya barua ya mkaguzi, na meneja akaniambia hata yeye alikuwa halielezi vizuri.

Wewe wa Singida uko kwenye shirika, si SACCOS, kwa hiyo elewa hili: kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, shirika lenu linawajibika kuandaa kila mwaka taarifa ya shughuli na hesabu zilizokaguliwa kwa ajili ya Msajili. Hiyo ni kazi ya mkurugenzi na mhasibu na ina utaratibu wake. Usiichanganye na ripoti ya kusomwa na watu, ukaishia kuipaka rangi fomu. Na picha za watoto: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023. Omba ridhaa ya mzazi kwa maandishi, useme picha itatumika wapi. Hata bila sheria, mtoto wa watu kuwekwa kwenye jalada chini ya neno "umaskini" ni aibu, na tumeifanya sana. Niliifanya.

Uchapaji nitaupitia haraka. Kitabu cha kupigwa pini kurasa zake lazima zigawanyike kwa 4, ndiyo maana yangu ilikuwa 20, na mwenyekiti alipoleta "ukurasa mmoja tu wa shukrani" nilimwambia alipie 4. Acha ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kisu. Picha iwe na nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa ule itakaochapwa. Rangi za kioo si rangi za wino. Ile kijani kali unayoipenda itatoka kama mchicha uliolala. Nenda Kariakoo mwenyewe, simama mlangoni kwa mchapaji, dai sampuli moja ya karatasi kabla mashine haijaendelea. Usikubali kuoneshwa kwenye simu. Karatasi za ndani nilichagua za kawaida, zisizong'aa. Zinaandikika kwa kalamu, nafuu kwa bei, na mafuta zinanyonya.

Na jumlisha namba.

Toleo la simu nililitengeneza peke yake: picha 6 za kusimama, herufi kubwa, zikatupwa kwenye grupu la wanachama wiki moja kabla. Faili la MB 38 ni mzigo kwa mtu mwenye bando la jero, na ukimlaumu kwamba hasomi, wa kulaumiwa ni wewe.

Siku ya mkutano mkuu nilikaa nyuma kabisa, karibu na masufuria ya pilau. Mwenyekiti hajamaliza hotuba, mzee mmoja wa safu ya tatu akasimama, ripoti imekunjwa mkononi, amechora chora kwa kalamu ya bluu. "Mwenyekiti, ukurasa wa 3. Hizi punje nyekundu 9. Naomba tutajiwe, ni kina nani?" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mwenyekiti akanitazama mimi, si mzee. Majina hayakutajwa, wala hayakutakiwa kutajwa, lakini walijadili mikopo ile saa 2 nzima, wakapitisha azimio kuhusu wadhamini, na pilau likapoa.

Watu walipotoka nilipita chini ya viti nikiokota. Tulichapa nakala 400. Nilikuta 11, na moja ilikuwa ya mwenyekiti.

Programu, mdogo wangu? Nilitumia ileile ya 2017.