RX-8 iliyotumika, kila siku, Malindi?

Kaka, umeuliza kama Mazda RX-8 ya 2006, lile gari la spoti, itakufaa kwa shughuli za kila siku hapa Malindi, kusi na kaskazi. Kama ndiyo gari lako pekee, mimi nasema usinunue.

Injini yake ya lita 1.3 haina pistoni, ina rota (vipande vya pembetatu vinavyozunguka ndani), na imeundwa kuchoma oili kidogo kidogo hata ikiwa mpya. Ukisahau kuangalia kijiti cha oili, utalia. Tena haipendi kuwashwa, kusogezwa hatua mbili kutoka uani, kisha kuzimwa ikiwa baridi: petroli hufurika ndani na haiwaki tena. Sasa safari zako za sokoni na msikitini si ndizo hizo? Na kabla ya kulipa, mgandamizo wa injini (compression) upimwe kwa kifaa cha rota. Kile cha kawaida hakisomi vizuri, na fundi mwenye cha rota si rahisi kumpata.

Halafu kuna chumvi ya bahari, inayoleta kutu. Juzi nimechuchumaa chini ya Toyota Celica moja huko Shela, juu inang'aa kama bibi harusi. Nikagonga chasisi na bisibisi, ikazama kama kwenye mkate wa sinia! Kwa hiyo gari lolote, lipandishe juu kwanza, uchungulie chini.

Ukitaka raha bila presha, tafuta Subaru Impreza isiyo na turbo. Kwenye matuta ya njia ya Mombasa italalamika kidogo tu.