Bei ikishuka, aliyelipa kwanza mnamweka wapi?

Swali lenu la wiki, "Ni maneno gani ya muuzaji yaliyowahi kukufanya ufungue pochi?", limenichokoza, maana linachukulia kwamba maneno ndiyo yanayouza. Mngeuliza ushawishi ulioanza vizuri huharibikia wapi, mngenipata. Huharibikia kwenye bei, tena kwenye namna ya kuishusha.

Chukueni wauza dawa wa kwenye mabasi yanayotoka stendi ya Mbezi, Dar es Salaam. Anayeijua kazi haanzi stendi, watu wakiwa bado wanagombea siti. Anasubiri basi lishike barabara, kondakta apunguze sauti ya televisheni. Anasalimia pande zote mbili, Bwana asifiwe na Asalaam aleikum, anaombea safari, na bidhaa haitaji. Anauliza tu nani huamka kiuno kimekaza. Ndipo anagawa vikopo: "Kushika si kununua, mama." Uongo mtupu. Aliyeshika ana kazi ya kurudisha, na kurudisha mbele ya jirani wa siti kuna aibu yake.

Kuna mmoja, wa basi la Morogoro, alipita hatua zote hizo bila kujikwaa. Dawa yenyewe ya kuchua, kikopo kidogo cha kuenea kiganjani. Aliwapaka kidogo mgongoni mwa mkono abiria wa safu tatu za mbele, akaendelea kupiga soga mpaka ubaridi wa mentholi ukaanza kupanda na watu wakaanza kuitazama mikono yao. Hapo hapo akataja bei: dukani 10,000, leo ofa ya kampuni, 3,000. Akanyamaza. Kimya kile kilifanya kazi kuliko maombi na salamu zote. Mama mmoja akafungua fundo la khanga, akahesabu elfu tatu. Kijana wa nyuma yake akafuata, na wa tatu.

Lakini Kibaha ilikuwa inakaribia, na anashukia hapo. Akaona safu za nyuma zinasitasita, pupa ikamwingia: "Haya, elfu mbili!" Kimya. "Viwili elfu tatu!"

Mama akageuka. "Mwanangu, mbona mimi umenipiga?"

"Mama, ile ilikuwa bei ya mwanzo."

Basi zima likacheka. Akataka kujiokoa kwa kuongeza magonjwa: kiuno, vidonda vya tumbo, presha, mpaka sukari. Dawa ya kuchua hiyo! Vikopo vikaanza kurudi vyenyewe, mkono kwa mkono, kutoka nyuma kuja mbele.

Mnunuzi wa kwanza ndiye shahidi wako, na muuza dawa huyu alimgeuza zuzu mbele ya watu wote waliokuwa wanamtazama waone kama kalipa vizuri. Kushuka kwa bei kuishe kabla noti ya kwanza haijatoka: 10,000, 5,000, 3,000, basi. Muda ukikubana, bei usiiguse. Ongeza kitu, na waliokwisha kulipa wape pia.

Hapa naona najipinga mwenyewe. Mitumba ya soko la Karume hushuka bei kutwa nzima na hakuna anayedai chenji. Balo likifunguliwa asubuhi shati linaweza kuitwa 5,000, jioni ni buku buku, yaani elfu moja moja. Aliyelipa 5,000 alichagua wa kwanza. Wa jioni anapata kola iliyochakaa na kifungo kimoja pungufu. Sababu ya tofauti ameishika mkononi. Vikopo vya dawa vyote ni sawasawa, kwa hiyo kosa la muuza dawa huenda si kushusha bei, ila kuishusha bila sababu inayoonekana.

Nilipoanza kuandika nilitaka kumalizia kwamba hawa watu wazuiwe mabasini. Sasa sina uhakika. Yule muuza dawa ni fundi kuliko wauzaji wengi wa madukani Kariakoo wanaokutajia bei macho yapo kwenye simu. Dawa yake siitetei: kikopo kisicho na namba ya usajili wala jina la aliyetengeneza, abaki nacho. Ila angekuwa anauza soksi, akampa mama jozi ya pili palepale, na kijana na yule wa tatu vilevile, safu za nyuma zingekuwa zimeshanunua kabla ya Maili Moja, pale Kibaha.